Transista Moja, Betri ya Volti 9

 Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwako wewe unayejifunza elektroniki, iwe chuo kikuu, iwe chuo cha ufundi, iwe barazani kwa fundi wa redio aliyekukubali uwe mwanagenzi wake. Tafadhali sogeza kalamu na karatasi. Redio haina ubao wa kuandikia, kwa hiyo mchoro wa leo nitauchora kwa maneno, nawe utaufuata kwa mkono.

Kazi yenyewe ni ile ambayo karibu kila mwanafunzi wa fani hii hupewa mapema: sanifu kikuza sauti cha transista moja, kitumie betri ya volti 9, kikuze ishara ya kipaza sauti mara 40. Wengi wakishaipokea hukimbilia kutafuta mchoro uliokwisha kuchorwa na mtu mwingine. Wakiupata huenda madukani, Luthuli Avenue kwa aliye Nairobi, Kariakoo kwa aliye Dar es Salaam, wakarudi na kimfuko cha vifaa, wakavichomeka kwenye ubao wa majaribio na kuunganisha betri. Kimya. Au sauti inatoka imekwaruza, haitambulikani ni ya nani. Hapo ndipo inapoanza kazi ya kubadilisha transista. Hii mbovu, lete nyingine. Na hiyo nayo mbovu, lete ya tatu. Mwisho wake muuzaji ndiye anayelaumiwa.

Mara nyingi transista zote hizo zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni usanifu. Kusanifu ni kuamua, kabla ya kutoa hata senti moja dukani, mkondo kiasi gani utapita wapi na volti ngapi zitakaa kwenye kila mguu. Kisha kuipanga saketi ili uamuzi wako usimame hata transista ikibadilishwa. Neno hilo la mwisho ndilo lililonileta studio leo. Saketi iliyosanifiwa vizuri haijali umeichomeka transista ipi kutoka kwenye mfuko. Ukitaka kujua kama mwanafunzi ameelewa somo, hapo ndipo pa kumpima.

Na usidhani ni zoezi la kitoto. Tarehe 23 Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani, John Bardeen na Walter Brattain waliwaonyesha wakubwa wao kifaa cha jemaniamu chenye ncha mbili za dhahabu zilizokaribiana sana. Walipitisha ndani yake sauti ya mtu anayezungumza. Kifaa kilipoingizwa kwenye njia ya sauti, sauti ilipanda, kilipotolewa, ikashuka. Kazi ya kwanza ya transista kuonyeshwa mbele ya wakubwa hao, basi, ilikuwa kukuza sauti ya binadamu, na transista ilikuwa moja tu. Mwaka 1956 wawili hao, pamoja na William Shockley aliyekuwa kiongozi wa kundi lao, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Leo jemaniamu imeipisha silikoni, na kile kilichowatoa jasho wanasayansi wale unakinunua kwa bei ya pipi. Kazi yake ni ileile.

Sasa tuitazame transista yenyewe. Nachukua BC547, kwa sababu hupatikana karibu kila duka la vifaa na ndani ya redio nyingi zilizokufa. Ina miguu mitatu: kolekta, besi na emita. Mkondo mdogo ukiingia kwenye besi, mkondo mkubwa zaidi unaruhusiwa kupita kutoka kolekta kwenda emita. Uwiano wa mikondo hiyo miwili huitwa beta. Kitabu cha shule kitakuambia: chukua beta kuwa 100, au 200, fanya hesabu, umemaliza. Lakini fungua karatasi ya maelezo ya watengenezaji wenyewe. Utakuta BC547 yenye herufi A ina beta ya kati ya 110 na 220. Yenye herufi B, kati ya 200 na 450. Yenye herufi C, kati ya 420 na 800. Kwa hiyo jina BC547 peke yake linabeba transista ambazo moja ina uwezo mara saba wa mwenzake, na zote zimetoka kiwandani zikiwa salama. Mtengenezaji hajakudanganya, amekuandikia wazi. Aliyekosea ni yule anayejenga saketi yake yote juu ya tarakimu moja ya beta.

Kabla ya kuendelea, ni lazima tukubaliane kwa nini transista inahitaji kutayarishwa kabla haijapokea sauti. Sauti ikigeuzwa umeme huwa ni wimbi linalopanda na kushuka, mara chanya mara hasi. Transista kwa upande wake hupitisha mkondo kuelekea upande mmoja tu. Ukiipa wimbi hilo ikiwa imelala, itapitisha nusu moja na kuimeza nusu nyingine. Kwa hiyo tunaiamsha kwanza: tunaipa mkondo wa kudumu, ili volti ya kolekta ikae mahali fulani katikati ya 0 na 9, na sauti ije kuitikisa juu na chini ya hapo. Ni sawa na jahazi linalopita chini ya daraja. Maji yakijaa mno, mlingoti unagonga juu. Yakipwa mno, mkuku unakwaruza mchanga. Kolekta nayo inahitaji nafasi juu na nafasi chini. Ikikosa moja, vilele vya wimbi vinakatwa, na sikio lako linasikia mkwaruzo.

Njia ya mkato ya kuiamsha transista ni kuweka rezista moja kubwa kutoka chanya ya betri hadi kwenye besi, na emita kuiunganisha moja kwa moja na hasi. Michoro mingi iliyozagaa imefanya hivyo, na ndiyo inayowatesa wanafunzi. Hebu tuifanyie hesabu. Tuseme kolekta ina rezista ya kiloomu 4.7, na besi ina rezista ya megaomu 1.8. Kati ya besi na emita ya silikoni hubaki volti 0.65 hivi, kwa hiyo rezista ya besi inabeba volti 8.35, na mkondo wa besi unakuwa mikroampea 4.6. Transista yenye beta 200 itapitisha miliampea 0.93 na kolekta itakaa volti 4.6. Vizuri kabisa. Ing'oe, weka nyingine yenye beta 450, ya herufi ileile B, ya mfuko uleule. Sasa inataka kupitisha miliampea 2.1, na mkondo huo kwenye kiloomu 4.7 unadai volti 9.8. Betri ina volti 9. Kolekta inaanguka mpaka chini kabisa, inanata hapo, na sauti haipiti. Weka yenye beta 110, na kolekta inapanda hadi volti 6.6, imepungukiwa nafasi upande wa juu. Ndiyo maana mwanafunzi mmoja hufaulu na jirani yake, kwa mchoro uleule, akashindwa. Yule aliyefaulu amebahatika, na jirani yake anatoka maabara akiamini kwamba hana kipaji. Hilo la pili linaniuma zaidi.

Tuifanye ipasavyo. Chora mstari mlalo juu ya karatasi. Huo ni chanya, volti 9. Chora mwingine chini. Huo ni hasi, sifuri. Katikati chora transista, kolekta ikitazama juu, emita ikitazama chini, besi ikitokeza kushoto. Kati ya mstari wa juu na kolekta weka rezista ya kiloomu 4.7, pete zake ni njano, zambarau na nyekundu. Kati ya emita na mstari wa chini weka kiloomu 1; kahawia, nyeusi, nyekundu. Kisha besi: rezista moja inashuka kutoka mstari wa juu, nyingine inapanda kutoka mstari wa chini, na zote mbili zinakutana kwenye besi. Thamani za hizi mbili tunazitafuta sasa hivi.

Anza na mkondo. Mimi nachagua miliampea 1. Kwa kikuza sauti kidogo unatosha, na ile betri ndogo ya alkalini ya volti 9, ambayo hubeba takriban miliampea-saa 500, itadumu saa mia kadhaa. Miliampea 1 ikipita kwenye kiloomu 4.7 inapoteza volti 4.7, kwa hiyo kolekta inabaki na volti 4.3. Mkondo huohuo ukipita kwenye kiloomu 1 ya emita unainua emita hadi volti 1. Besi hukaa juu ya emita kwa volti 0.65, kwa hiyo besi inatakiwa iwe na volti 1.65. Sasa chukua transista dhaifu kidogo hata kuliko utakayouziwa, yenye beta 100. Itaomba mikroampea 10 kwenye besi. Tunataka besi isiyumbe kwa ajili ya mahitaji hayo, kwa hiyo tunapitisha kwenye zile rezista mbili mkondo mara 10 zaidi, yaani mikroampea 100. Gawa volti 1.65 kwa mikroampea 100: rezista ya chini inataka kiloomu 16.5. Ya juu inabeba volti 7.35 na mikroampea 110, kwa hiyo inataka kiloomu 66.8.

Dukani hakuna 16.5 wala 66.8. Ya juu ni rahisi, chukua 68: buluu, kijivu, chungwa. Ya chini kuna 15 na kuna 18, na hapa msanifu anatakiwa afikiri. Ukichukua 18, mkondo unapanda mpaka karibu miliampea 1.2 kwa transista yenye beta kubwa, kolekta inashuka hadi volti 3.4 huku emita imepanda hadi 1.2, na nafasi ya chini inabaki volti 2 tu. Ukichukua 15, mkondo unakuwa pungufu kidogo ya miliampea 1, na kolekta inakaa mahali penye nafasi pande zote mbili. Chukua 15: kahawia, kijani, chungwa.

Tujaribu sasa lile nililodai mwanzoni. Weka transista yenye beta 100. Mkondo ni miliampea 0.86, kolekta ina volti 4.95. Ing'oe, weka yenye beta 400. Mkondo ni miliampea 0.95, kolekta ina volti 4.55. Beta imezidishwa mara 4, kolekta imesogea volti 0.4. Sauti haitatambua kwamba kuna lililobadilika. Naomba ulinganishe na ile njia ya rezista moja, ambako tofauti ndogo kuliko hii ilitosha kuiua saketi.

Siri iko kwenye ile kiloomu 1 ya emita. Mkondo ukitaka kuongezeka, volti ya emita inapanda. Emita ikipanda wakati besi imetulia, tofauti kati yao inapungua. Ikipungua, transista inajibana na mkondo unarudi. Saketi inajirekebisha yenyewe. Jambo hili lina thamani ya pekee kwetu tunaoishi kwenye joto. Volti ya besi na emita ya silikoni hupungua kwa milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayoongezeka, na kila milivolti 60 huzidisha mkondo mara 10. Kisanduku chako kikikaa chini ya paa la bati, kikapanda nyuzi 20 tangu asubuhi hadi saa nane mchana, hizo ni milivolti 40. Kama besi imeshikwa kwenye volti ileile na emita haina rezista, mkondo utaongezeka zaidi ya mara 4. Ukiwa na kiloomu 1, milivolti 40 zinageuka kuwa miliampea 0.04, na kolekta inasogea chini ya volti 0.2. Saketi iliyofanya kazi asubuhi itafanya kazi mchana, na itafanya kazi usiku.

Wazo hili la kurudisha nyuma sehemu ya kinachotoka ili kukidhibiti kinachoingia lina mwenyewe, na ninapenda wanafunzi wamjue. Harold Black alikuwa mhandisi wa Bell aliyehangaika na simu za masafa marefu. Kwenye njia ndefu ya simu, vikuza sauti vilipangwa mfululizo, na kila kimoja kiliongeza upotovu wake juu ya upotovu wa kilichotangulia, mpaka sauti ikafika imeharibika. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa kwenye kivuko akivuka Mto Hudson kwenda kazini Manhattan, wazo likamjia, akalichora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo mkononi. Alikuwa ameona kwamba ukijenga kikuza sauti chenye nguvu nyingi kuliko unayohitaji, kisha ukakubali kuitoa sadaka sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa kuirudisha nyuma kinyume, kinachobaki kinakuwa safi na thabiti. Watu walishindwa kuelewa kwa nini mtu atupe kile alichokitafuta kwa jasho. Hataza yake nchini Marekani ilitolewa mwaka 1937, miaka 9 baada ya kuiomba. Transista ilikuwa bado haijazaliwa. Black alifanya kazi na valvu za kioo. Lakini rezista ya emita uliyoichora sasa hivi inafanya kazi kwa wazo lake.

Na kweli tumetoa sadaka. Ukipima ukuzaji wa saketi yetu ilivyo sasa, haufiki hata 5. Hesabu yake ni nyepesi kuliko vitabu vinavyoifanya ionekane: gawa rezista ya kolekta kwa ukinzani wote ulio upande wa emita. Upande wa emita kuna kiloomu 1, na kuna ukinzani mdogo wa ndani ya transista yenyewe, ambao unaupata kwa kugawa 25 kwa mkondo ulioandikwa kwa miliampea. Mkondo wetu ni 0.93 hivi, kwa hiyo ukinzani huo ni omu 27. Omu 4,700 ukigawa kwa 1,027 unapata 4.6. Nasi tumeombwa 40.

Mwanafunzi aliyesoma haraka atasema: weka kapasita kubwa kandokando ya rezista ya emita. Kapasita huzuia mkondo tulivu na kupitisha mawimbi, kwa hiyo kwa volti za kudumu kiloomu 1 bado ipo, inalinda saketi. Kwa sauti ni kama haipo. Ni kweli, na ukuzaji unaruka hadi 170 hivi. Hesabu inafurahisha, sikio halifurahi. Zile omu 27 za ndani hazitulii; zinapungua mkondo ukipanda na kuongezeka mkondo ukishuka, maana tumesema zinatokana na mkondo wenyewe. Hivyo upande mmoja wa wimbi unakuzwa kuliko upande wa pili. Ishara yenye kilele cha milivolti 1 tayari inapata upotovu wa asilimia 1 hivi. Ya milivolti 10, asilimia 10. Ni sauti ya redio iliyochoka.

Basi tunakwenda katikati. Tanguliza rezista ya omu 100, ile ya kahawia, nyeusi na kahawia, kisha ifuatishie kapasita ya mikrofaradi 100, na hizo mbili kwa pamoja uziweke kandokando ya kiloomu 1. Kwa volti za kudumu hakuna kilichobadilika. Kwa sauti, omu 100 na kiloomu 1 zilizokaa sambamba zinakuwa omu 91. Ongeza 27, unapata 118. Gawa 4,700 kwa 118: 40, kama tulivyoagizwa. Ukirudia hesabu kwa beta 100 na kwa beta 400, unapata 39 na 40. Mtu akiniuliza ni wapi kwenye zoezi hili pana uzuri wa kumfanya kijana aipende fani, nitamwelekeza hapa. Omu 91 umezichagua wewe, zile 27 zimeletwa na maumbile, na umehakikisha zako ndizo zenye sauti kubwa zaidi.

Kapasita za kuingizia na kutolea sauti sitazichelewea. Ya kuingizia mikrofaradi 1, ya kutolea 10. Ukinzani unaoonekana kutoka upande wa kuingilia ni kati ya kiloomu 6 na 10 hivi kutegemea beta, na kwa mikrofaradi 1 sauti nzito zitapita vizuri kuanzia hezi ishirini na kitu. Angalia alama ya hasi kwenye ubavu wa kapasita: ile ya kuingizia, chanya yake itazame besi, kama upande wa chanzo cha sauti hauna volti ya kudumu; ya kutolea, chanya yake itazame kolekta.

Spika nitaichelewea, kwa sababu ndipo matumaini ya wengi yanapozimika. Saketi ni nzuri, hesabu ni sahihi, mwanafunzi anaunganisha spika ya omu 8 kwenye kolekta kupitia kapasita, anaweka sikio, hasikii kitu. Rudi kwenye ule mgao wetu. Kwa sauti, kolekta sasa ina kiloomu 4.7 sambamba na omu 8, yaani omu 8 tu. Gawa 8 kwa 118: ukuzaji ni 0.07. Ishara inatoka ndogo mara 15 kuliko ilivyoingia! Tena mkondo wote tulionao wa kutikisa spika ni miliampea 0.93, ambao kwenye omu 8 unazaa nguvu ya mikrowati 3 na nusu tu. Hakuna transista utakayobadilisha hapo ikakuokoa. Kikuza sauti hiki kinakuza volti. Kazi ya kusukuma spika ni ya hatua inayofuata, kwa mfano ile chipu ndogo ya LM386 inayopatikana madukani na inayoweza kuendesha spika ya omu 8 kwa betri ileile. Katikati yao weka kidhibiti sauti cha kiloomu 10. Ukuzaji wa hatua yetu utashuka hadi karibu 25, kwa kuwa nayo sasa imebebeshwa mzigo, na unajua namna ya kulihesabu hilo.

Upande wa kuingilia nao una mpaka wake, kwa hiyo usijaribu kikuza hiki kwa kukichomekea simu iliyofunguliwa sauti yote. Kolekta ina nafasi ya volti 3 na nusu hivi kushuka kabla haijagonga chini. Ukigawa kwa 40, kinachoweza kuingia bila kukatwa ni milivolti 85 kwenda 90. Simu hutoa milivolti mia kadhaa. Kipaza sauti kidogo cha miguu miwili, kile kilichopewa rezista yake ya kukilisha kutoka kwenye betri, hutoa milivolti chache mtu anapozungumza karibu nacho, na hicho ndicho ambacho saketi imesanifiwa kwa ajili yake. Chenyewe kina volti ya kudumu kwenye mguu wake wa kutolea, basi pima kwanza: kama volti hiyo inazidi ya besi, igeuze kapasita ya kuingizia.

Sasa unganisha betri, lakini usiunganishe sauti. Chukua mita, waya mweusi kwenye hasi. Gusa besi: utegemee volti 1.6. Gusa emita: 0.95. Gusa kolekta: volti 4.6 hivi, na kwa rezista zenye pete ya dhahabu, ambazo huweza kutofautiana na maandishi yake kwa asilimia 5, usishtuke ukikuta 4.3 au 4.9. Ukikuta kolekta ina volti 9 kamili, hakuna mkondo unaopita: waya umekatika, au mguu haukuingia kwenye tundu. Ukikuta kolekta na emita zina volti zinazokaribiana, transista imefunguka yote, chunguza rezista za besi, huenda pete ya chungwa na ya nyekundu zilikuchanganya. Na kama tarakimu zote ni za ajabu, tazama miguu. BC547, ubapa wake ukikutazama na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904, ambayo inafanana nayo kwa sura na huuzwa kando yake, kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Ukiigeuza, inaweza kufanya kazi nusunusu na kukupotezea mchana mzima.

Nina ombi kwa walimu wenzangu wa maabara. Kazi hii inaposahihishwa, tusimpe mwanafunzi alama kwa kuwa sauti imesikika. Mwambieni aandike kwanza kwenye daftari lake volti tatu anazozitarajia, ya besi, ya emita na ya kolekta, kabla hajapewa betri. Kisha mchagulieni ninyi transista, kutoka kwenye kopo lililochanganywa A, B na C, aichomeke mbele yenu na apime. Mita ikikubaliana na daftari, mpeni alama zote, hata kama hakununua spika.